Pikipiki ya umeme ipandishwe kwanza Hamsini na Saba

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nichangie mjadala wa pikipiki za umeme, kwa sababu karibu yote ninayoyasoma kuhusu jambo hili yanamhusu dereva wa bodaboda wa mjini: ameokoa shilingi ngapi kwa siku, betri amebadilishia wapi, moshi umepungua kiasi gani barabarani. Hayo ni mambo ya maana na siyapingi hata kidogo. Hata hivyo, pikipiki nyingi za nchi hii haziishi kwenye lami. Zinaishi kwenye vumbi, matope na mawe, zikimbeba muuguzi, mwalimu, bwana shamba na mfugaji, na huko ndiko swali la umeme na petroli linakopata jibu tofauti na lile la Kariakoo. Ninaandika kama mtu aliyefanya kazi ya mifugo na uhimilishaji wa ng'ombe, yaani kuwapandisha kwa mbegu zilizohifadhiwa bila kuleta dume, kwa miaka 31 katika milima ya Makete na bonde la Usangu, na ambaye muda huo wote ofisi yake ilikuwa kiti cha pikipiki ya porini, ile yenye tairi za kashata kubwa, shokapu ndefu na madigadi ya mbele iliyoinuliwa juu ili matope yasiibane.

Ya kwanza niliyopewa ilikuwa DT 125, yenye injini ya kuchanganya petroli na oili, nyepesi, yenye hasira na yenye moshi. Baadaye nikapewa XL 125, iliyokuwa mpole zaidi na isiyo na uchu wa mafuta. Hizo mbili zimenilea, na msomaji asije akadhani kwamba nimekuja kuzitukana. Ili aelewe nilivyozipima, lazima kwanza aijue kazi yenyewe. Mhimilishaji hubeba mgongoni mtungi wa naitrojeni ya kimiminika yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, na ndani yake zimo mbegu za madume zilizotoka kituo cha taifa cha Usa River. Mtungi huo haupendi kulazwa wala kutikiswa. Ng'ombe naye hasubiri: akionekana asubuhi kwamba yuko kwenye joto, apandishwe jioni, na akionekana jioni, apandishwe kesho yake asubuhi. Ukichelewa umempotezea mfugaji siku 21, na kwa mama mwenye ng'ombe mmoja wa maziwa siku 21 si jambo dogo. Kwa hiyo mimi sikuwahi kuipima pikipiki kwa kasi yake. Niliipima kwa maswali mawili: je, itafika, na je, itaufikisha mtungi ukiwa wima?

Mwaka jana mpwa wangu anayeishi Mbeya alinunua pikipiki ya porini ya umeme, akaja nayo kijijini wakati wa likizo. Alinikabidhi ufunguo akisema, "Mjomba, wewe ndiye uliyenifundisha klachi, sasa njoo nikufundishe isiyo na klachi." Betri yake ni ya volti 72 na ampea-saa 50, maana yake inabeba uniti 3.6 za umeme ikijaa. Pamoja na betri hiyo, pikipiki ina uzito wa kilo 70 hivi, ambao ni mdogo kuliko wa XL yangu ya zamani. Haina kiki, haina gia, haina kabureta, haina bomba la moshi. Mkono wa kulia ni wa mwendo na breki ya mbele. Mkono wa kushoto, pale ilipozoeleka kuwa klachi, pana breki ya nyuma. Kwa siku mbili za kwanza kila nilipotaka kubadili gia nilijikuta nimefunga breki ya nyuma, na mara moja nilijikuta nimekaa chini. Kwa hiyo yeyote anayesema kwamba mzoefu wa petroli hahitaji kujifunza upya, asimpe mtu mzima pikipiki hiyo mlimani siku ya kwanza.

Nilikaa nayo majuma matano. Siku niliyokuwa nikiisubiri ni ile ya kuipandisha barabara ya Hamsini na Saba. Kwa wasioifahamu, ni ile inayotoka Chimala, kando ya barabara kuu ya kwenda Mbeya, ikaukwea ukuta wa mlima hadi Matamba kwa kona 57 zilizobandikana moja juu ya nyingine. Chini kuna joto na mashamba ya mpunga ya Usangu. Juu kuna viazi na ukungu. Tofauti ya kimo, kwa makadirio yangu, ni karibu mita 1,000. Ukiendelea mbele utafika uwanda wa Kitulo ulio juu zaidi ya mita 2,600 kutoka usawa wa bahari, ambako mwezi Julai nyasi huamka zimevaa barafu nyeupe.

Kwa petroli, safari hiyo naijua kwa mifupa. Unaanza kwa gia ya pili, kona zikibana unarudi ya kwanza, na kila kona yenye mawe yaliyolegea unalazimika kuibana klachi nusunusu ili injini isizime na tairi la nyuma lisiruke. Ukikosea kidogo, injini inazima katikati ya kona. Hapo sasa una pikipiki inayotaka kurudi nyuma, mtungi wa naitrojeni mgongoni, mguu mmoja unaozuia jiwe na mwingine unaotafuta kiki. Nimeanguka hapo mara tatu katika maisha yangu ya kazi, na mara zote tatu chanzo kilikuwa hicho hicho, injini iliyozima kwenye kona. Jambo la pili ni pumzi. Injini ya petroli inavuta hewa kama sisi, na hewa ikipungua nayo inachoka. Kanuni wanayoitumia mafundi ni kwamba injini ya kawaida hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 unazopanda. Maana yake ni kwamba pikipiki iliyokuwa na nguvu kamili pwani, ikifika Kitulo imebaki na robo tatu tu, huku kabureta ikiendelea kumwaga petroli kana kwamba hewa ni ile ile. Plagi inakuwa nyeusi na injini inakohoa. Sisi tuliokaa huko tulijifunza kutembea na jeti mbili za kabureta mfukoni, yaani vile vitundu vinavyopima petroli inayoingia kwenye injini, moja ya bondeni na moja ya mlimani, na kuzibadilisha kando ya njia vidole vikiwa vimekufa ganzi.

Mota ya umeme haihitaji hewa. Jambo hili ni jepesi kulitamka, lakini sikulielewa mpaka nilipofika kona ya thelathini na kitu na kugundua kwamba bado nilikuwa nasubiri uchovu ambao haukuwa unakuja. Nguvu niliyoianza nayo Chimala ndiyo niliyofika nayo Matamba. Kwenye kona ya mawe nilisimama kabisa kwa makusudi, nikaweka miguu chini, nikapumua, kisha nikazungusha mkono kidogo sana. Pikipiki ikaondoka taratibu kama mtu anayeinuka kutoka kwenye kiti. Hapakuwa na injini ya kuzima. Mota hutoa nguvu yake ya kuvuta tangu sifuri, tofauti na petroli ambayo lazima injini izunguke kwanza ndipo nguvu ipatikane, na ndiyo sababu zikabuniwa klachi na gia. Naandika neno hili kwa uzito: kama ningekuwa na pikipiki hiyo miaka 20 iliyopita, goti langu la kushoto lingekuwa zima hadi leo.

Wapo watakaosema kwamba nguvu inayokuja kwa ghafla namna hiyo ni hatari kwenye utelezi, nao wana hoja. Nilipoiweka kwenye hali ya nguvu kubwa na kupita kwenye udongo mwekundu uliolowa, tairi la nyuma lilizunguka bila kuonya. Petroli hukuonya. Injini inapandisha sauti, unaisikia ikikimbia, unapunguza mkono kabla mwili haujajua kilichotokea. Kwenye umeme sauti hiyo haipo, na kwa siku za mwanzo nilijihisi kama mtu aliyezibwa masikio. Baadaye nilianza kusikia vitu ambavyo injini ilikuwa imenificha miaka yote: kokoto zikisagika chini ya tairi, kashata zikishika au zikiteleza, cheni ikigusa kinga yake. Mwishoni nilikuwa naendesha kwa kulisikiliza tairi lenyewe, na naamini kwamba hiyo ni taarifa bora kuliko ya injini, kwa sababu linaloshika ardhi ni tairi. Zaidi ya hapo kuna hali ya nguvu ndogo, na kijana mgeni afungiwe kwenye hiyo hadi azoee.

Kuhusu mtikisiko sina mengi ya kueleza, kwa kuwa yeyote aliyewahi kushika usukani wa pikipiki ya silinda moja kwa saa tatu anajua jinsi viganja vinavyobaki vikinguruma usiku. Umeme hauna hilo, na mtungi wangu wa zamani, nilioubeba siku ile ukiwa mtupu kwa ajili ya majaribio, ulikaa kimya mgongoni.

Sasa nije kwenye upande mgumu, ambao kwa maoni yangu hauelezwi kwa ukweli na watu wanaotuuzia pikipiki hizi. Nilipofika Matamba, betri ilikuwa imeshuka hadi asilimia 61. Yaani mlima mmoja, kabla sijafika kwa mfugaji yeyote, ulikuwa umekula zaidi ya theluthi moja ya tangi. Si kasoro ya pikipiki, ni hesabu ya mlima wenyewe. Mimi, pikipiki na mzigo tulikuwa na jumla ya kilo 155. Kuziinua kilo hizo mita 1,000 kunahitaji uniti 0.42 hata kama barabara ingekuwa ya kioo, na ukiongeza upotevu wa mota, msuguano wa vumbi na mawe, na kila breki uliyoifunga kwenye kona, unafika kwa urahisi kwenye mara tatu ya hizo. Anayeuza pikipiki kwa kutaja kilomita 100 kwa chaji moja amezipima kilomita hizo mahali pengine.

Hebu tulinganishe matangi kwa haki. Lita moja ya petroli ina nishati ya karibu uniti 9, lakini injini ndogo hutumia takriban sehemu moja ya tano tu kusukuma tairi. Nyingine yote inapotea kama joto, na ndiyo inayokuchoma shavu la mguu kwenye bomba la moshi. Mota ya umeme hutumia zaidi ya asilimia 80 ya kinachotoka kwenye betri. Kwa hesabu hiyo, uniti 3.6 za pikipiki ya mpwa wangu ni sawa na lita 1.7 hivi za petroli ndani ya XL. Kwa upande wa mfuko ni raha tupu. Kuijaza, pamoja na upotevu wa chaja, kunachukua kama uniti 4, na kwa shilingi 356 nilizokuwa nikilipa kwa uniti nyumbani kwangu wakati wa majaribio hazikufika shilingi 1,500, ilhali lita 1.7, petroli ikiwa wakati huo karibu na shilingi 3,000 kwa lita, zilikuwa zaidi ya shilingi 5,000. Kwa upande wa umbali ni tatizo. XL inabeba lita saba au nane, sawa na betri nne za namna hiyo, na kila betri ina uzito wa zaidi ya kilo 20. Tena petroli inauzwa kwenye chupa za soda hadi kwenye kitongoji cha mwisho, na kuimimina ni kazi ya dakika mbili. Betri yangu ilihitaji saa nne na nusu kwenye tundu la ukutani.

Wakati mwingine tundu lenyewe halina umeme. Usiku mmoja nililala kwa rafiki yangu mfugaji karibu na Kitulo, nikiwa nimefika na asilimia 22. Umeme ulikatika saa mbili usiku ukarudi saa kumi na moja alfajiri. Pikipiki ilikuwa nje chini ya banda la nyasi, na ulikuwa mwezi wa Julai. Asubuhi ile 22 ilikuwa imekuwa 15 bila mtu kuigusa, kwa sababu baridi huifanya betri ya lithiamu iwe nzito kutoa nguvu. Umeme uliporudi chaja iliwasha taa nyekundu na kukataa kuingiza chochote mpaka jua lilipoipasha betri joto. Mpwa wangu alinieleza kwa simu kwamba kinga hiyo imewekwa makusudi, kwa kuwa kuichaji betri ya namna hiyo ikiwa chini ya nyuzi sifuri kunaiharibu. Sawa. Lakini kama ningekuwa kazini, ng'ombe aliyeonekana jioni angekuwa amepita. Dawa yake si ngumu: betri itoke kwenye pikipiki, iingie ndani na kulala jikoni pamoja na watu. Ya mpwa wangu hutoka kwa kufungua kufuli moja, na baada ya usiku ule sikuiacha nje tena. Zipo, hata hivyo, pikipiki ambazo betri yake imefungwa kwa skrubu ndani ya fremu, na hizo huku kwetu hazifai.

Kuna jambo la kuteremka ambalo sijaliona likiandikwa popote katika Kiswahili, nami nalieleza kwa kirefu kwa sababu linaweza kumuua mtu. Ukiachia mkono kwenye mteremko, mota hugeuka jenereta: inalishikilia tairi na kuurudisha umeme kidogo kwenye betri. Ni kitu kizuri mno, kwa kuwa kinafanya kazi ambayo gia ya kwanza huifanya kwenye XL, ya kuzuia pikipiki isikimbie, na kwa hilo umeme uliishinda DT yangu, ambayo kama pikipiki zote za kuchanganya oili haikuwa na uwezo wa kujizuia mteremkoni. Siku niliyoondoka Matamba kurudi Chimala nilikuwa nimeichaji betri usiku kucha hadi asilimia 100, nikijisifu kwa kujiandaa vyema. Kona ya kwanza nikaachia mkono, pikipiki haikuzuilika. Kona ya pili vivyo hivyo. Betri iliyojaa haina mahali pa kuupokea umeme mwingine, kwa hiyo mfumo unalizima lile zuio la mota, nawe unabaki na breki mbili peke yake juu ya kona 57. Nilifika kona ya kumi hivi diski ya nyuma ikinuka, nikasimama, nikakaa juu ya jiwe kwa nusu saa hadi ikapoa. Kitabu cha maelekezo kilichokuja na pikipiki, kilichoandikwa kwa Kichina na Kiingereza, kinalitaja jambo hilo kwa sentensi moja. Tangu siku ile sikuichaji kupita asilimia 85 nilipokuwa na safari ya kuteremka asubuhi, na tatizo halikurudi. Nilifika chini nikiwa na chaji ile ile niliyoondoka nayo juu, jambo ambalo tangi la petroli halijawahi kunifanyia.

Ukimya nao una pande mbili. Ng'ombe walionizoea kwa mlio wa injini walikuwa wakihangaika kabla sijafika zizini, kwa kuwa kwao mlio ule maana yake ni sindano. Kwa umeme nilifika hadi mlangoni wakiwa bado wanacheua, na mhimilishaji yeyote atakwambia thamani ya ng'ombe aliyetulia. Binadamu ndiye aliyenitia hofu. Kwenye njia nyembamba ya kwenda mashambani nilimkuta mama mmoja mtu mzima amebeba kuni, hakunisikia, nami nilidhani amenisikia. Nilipita umbali wa mkono mmoja kutoka alipokuwa. Kuni zilianguka. Nilishuka nikamwamkia, nikamwomba radhi na kumsaidia kuzifunga, naye akaniuliza, "Mwanangu, wewe umetoka ardhini?" Vijijini pikipiki husikika kabla haijaonekana, na watoto wamelelewa hivyo. Kwa hiyo nilifunga kengele ya mbuzi kwenye usukani, ikawa inalia yenyewe kila nilipopita kwenye mashimo, na sikumshtua mtu tena. Honi pekee haitoshi, kwa sababu honi inamtaka mwendeshaji awe ameshamwona mtu.

Kuhusu maji na vumbi, umeme ni bora mradi umefungwa vizuri. Injini ya petroli ikivuta maji kupitia chujio la hewa, safari imekwisha. Na kiangazi vumbi la Usangu linataka chujio lioshwe kila wiki. Mota iliyozibwa haina chujio. Nilivuka vijito ambavyo maji yalifika kwenye ekseli bila kufikiri mara mbili. Tatizo nililolipata lilitoka mahali padogo mno: kihisi cha mkono wa mwendo kiliingiwa na unyevu, pikipiki ikawa inakatakata nguvu, na kipuri hicho kilichukua siku 19 kunifikia. XL ikikatakata, mtoto wa darasa la saba anajua atoe plagi aifute. Fundi wangu, mtu ninayemheshimu na mwenye uwezo wa kuirudisha hai pikipiki iliyozama mtoni, aliifungua ile ya umeme, akaitazama, akaifunga tena. Hakuwa na kifaa cha kuisoma wala mtu wa kumuuliza. Hilo si kosa lake.

Ninajua kwamba huko ulaya pikipiki hizi zimeshavuka hatua ya kubezwa. Stark Future ya Hispania ilionyesha mwaka 2021 pikipiki ya umeme ya mashindano ya matope ambayo watengenezaji wanasema inafika nguvu za farasi 80, kiwango ambacho pikipiki za petroli za sentimita za ujazo 450 za mchezo huo hazikifikii. Hoja ya nguvu imekwisha. Lakini pia ninajua kwamba Alta Motors ya California, iliyokuwa ikisifiwa kwa pikipiki nzuri ya umeme ya matope, ilifunga shughuli mwaka 2018, na walionunua wakabaki na mashine ambayo betri na programu yake vilimtegemea mtengenezaji mmoja. DT yangu ya zamani imeshapita mikono minne na bado inatembea, kwa sababu ringi za pistoni zake zinapatikana Makambako.

Ndugu Mhariri, sababu ya kuyaandika yote haya ni moja. Mwaka 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alikabidhi maelfu ya pikipiki kwa maafisa ugani kule Dodoma, na sisi wa milimani tuliona tofauti yake. Pikipiki hizo hazitadumu milele. Siku ya kununua nyingine itafika, na ninaamini kwamba zamu hiyo patakuwa na shinikizo la haki la kununua za umeme, kwa kuwa petroli yote tunaiagiza nje kwa fedha za kigeni, ilhali bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115 liko kwenye mto Rufiji, ambao baadhi ya maji yake yanashuka kutoka milima hii hii ya kwetu. Naliunga mkono shinikizo hilo. Ninachokiomba kwa wizara na halmashauri ni kwamba asitie saini mtu yeyote kabla pikipiki yenyewe haijajaribiwa mahali itakapofanya kazi. Ianzie Chimala ikiwa na mtu na mzigo, jumla kilo 155, ipande hadi Matamba, iendelee hadi Kitulo, ilale huko usiku mmoja wa Julai, na kesho yake asubuhi iteremke kona zote 57 mbele ya mashahidi. Itakayofika chini ikiwa na breki zake, ndiyo ijadiliwe bei.

Mkataba nao useme wazi mambo ambayo majuma matano yamenifundisha: betri inayotoka kwa mkono mmoja, na ya pili ya akiba kwa kila afisa wa mlimani, chaja moja iwekwe kwenye zahanati au ofisi ya kijiji yenye sola, kiwango cha kuzuia maji na vumbi kiwe IP67, yaani kifaa kinachostahimili kuzama mita moja kwa nusu saa, maelekezo yaandikwe kwa Kiswahili, na lile la kuteremka na betri iliyojaa liandikwe kwa herufi kubwa kwenye tangi la bandia mbele ya macho ya mwendeshaji, na vipuri, pamoja na kifaa cha kuisomea mota, vikae wilayani na fundi mmoja afundishwe kabla pikipiki ya kwanza haijagawiwa. Pale ambapo kituo cha kuchajia kiko mbali zaidi ya nusu ya uwezo wa betri kama ulivyopimwa mlimani, afisa aachiwe pikipiki ya petroli bila kuonekana mtu wa zamani. Kata zetu hazifanani, na afisa wa bondeni Usangu, ambako ardhi ni tambarare na umeme uko karibu, angeweza kuhamia kwenye umeme hata mwezi ujao.

Majaribio hayo yakipangwa, nitakuwa Chimala saa kumi na mbili asubuhi nikiwa na helmeti yangu na mtungi wangu wa zamani. Mmoja wa waendeshaji niwe mimi, na mwingine awe kijana ambaye hajawahi kushika klachi.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Afisa mifugo na mhimilishaji mstaafu,
Matamba, Wilaya ya Makete,
Mkoa wa Njombe.